Great Circle Mapper kwa mtu wa kupokea wageni KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro

Nipo kwenye ofisi ndogo ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro, hapa Moshi. Sipandi mimi. Kazi yangu ni barua pepe, magari, na kuwaambia mpishi na wapagazi siku ya kuanza. Mgeni akishalipa, swali lake la kwanza huwa si baridi ya kilele cha Kibo wala viatu. Anauliza: kutoka kwetu hadi kwenu ni masaa mangapi, na nikitua usiku naweza kuanza kupanda kesho yake?

Hapo kuna maswali zaidi ya moja yamefungwa kwenye kifurushi kimoja. Kuna kilomita. Kuna masaa ya kukaa hewani. Halafu kuna safari yenyewe, tangu mtu afunge mlango wa nyumba yake hadi apokee ufunguo wa chumba Shanty Town, hapa Moshi. Tovuti ninayotaka kuisema leo, Great Circle Mapper ya gcmap.com, inajibu la kwanza vizuri mno, la pili inakadiria tu ukiiomba, na la tatu haligusi kabisa. Mimi naisifia hasa kwa hilo la mwisho. Zimejaa mtandaoni tovuti zinazojifanya kujua yote.

Ukiifungua usitegemee mapambo. Kuna kisanduku cha kuandikia, kuna ramani, basi. Ni kazi ya Karl L. Swartz, na unaona kabisa kwamba mwenye nayo analipenda jambo lenyewe kuliko sura yake. Unaandika herufi tatu za uwanja wa kuondokea, kistari, kisha herufi tatu za uwanja wa kufikia. Mfano JRO-AMS, yaani Kilimanjaro hadi Amsterdam. Unabonyeza, mstari unachorwa, na chini yake unapata jedwali la umbali na mwelekeo. Umbali huja kwa maili mpaka ubadilishe. Pembeni kuna pa kuchagua kilomita. Libadilishe hilo kabla hujamwandikia mgeni wa Ujerumani, la sivyo utampa namba ya Kimarekani na yeye ataikubali tu, kwani atajuaje? Kwenye simu yangu inafunguka hata mtandao ukiwa wa kusuasua, na kwa siku ambazo bando linapumulia mashine hilo si jambo dogo.

Herufi tatu ndizo zenye kazi. Sisi wote tunasema KIA: daladala husema KIA, kibao cha barabarani husema KIA, mgeni mwenyewe akishakaa siku mbili naye husema KIA. Lakini kwenye mambo ya tiketi uwanja wetu ni JRO, na marubani wanautambua kwa herufi nne, HTKJ. Ukiandika KIA kwenye kile kisanduku mstari wako utakwenda Papua New Guinea, kwenye kiwanja kidogo cha Kaiapit. Kijana mmoja aliyekuja ofisini kujifunza kazi aliona umbali wa Nairobi hadi KIA umezidi kilomita elfu kumi akadhani tovuti ni mbovu. Nairobi hadi JRO ni kama kilomita 235. Ndege inapanda, wahudumu wanagawa maji, inashuka.

Na usichanganye JRO na ARK. ARK ni uwanja wa Kisongo, nje kidogo ya Arusha, ambako hutua vile vindege vya kutoka Serengeti. Mgeni akiandika kwamba anafika "Arusha", muulize herufi. Kati ya viwanja hivyo viwili mstari ulionyooka ni kama kilomita 50, na gari haliendi kwa mstari ulionyooka. Hata Moshi tuna uwanja wetu, QSI, umo kwenye orodha kama wenzake wakubwa. Nilipouona mara ya kwanza nilifurahi kama mtu aliyekuta jina la kijiji chake kwenye ramani ya dunia.

Sasa nije kwenye mfano uliomaliza ubishi ofisini.

Tulikuwa na mgeni wa Los Angeles, anapitia Amsterdam. Mzee wetu wa gari, ambaye ameendesha barabara ya KIA tangu mimi nikiwa shule ya msingi, alisoma karatasi ya ratiba akaniangalia.

"Binti, huyu mbona anazungushwa? Marekani si iko upande huu wa Kongo? Ukishavuka Kongo na ile bahari umefika. Uholanzi anafuata nini?"

"Mzee, ngoja nikuchoree."

Nikaandika JRO-LAX. Mstari haukwenda Kongo. Ulipanda kaskazini-magharibi, ukapita juu ya Chad na Algeria, ukakatiza Uhispania, ukapita chini kidogo ya Greenland, ukaingia Marekani kutokea Kanada. Umbali wake ni karibu kilomita 15,780. Kisha nikaandika JRO-AMS-LAX, yaani njia halisi ya mgeni wetu: 6,900 hadi Amsterdam, halafu 8,960 hadi Los Angeles. Jumla inakaribia 15,860. Yule mtu aliyedhaniwa anazungushwa amezidisha chini ya kilomita 100 kwenye safari ya kuzunguka karibu nusu ya dunia.

Mzee hakukubali hivihivi, na mimi sikumlaumu. Ramani iliyo ukutani kwetu ni ya bapa, ya aina ile aliyoibuni Gerardus Mercator mwaka 1569. Mercator alikuwa anawafikiria mabaharia: alitaka mtu akishika uelekeo mmoja wa dira, njia yake kwenye karatasi iwe mstari mnyoofu. Alifanikiwa, ila gharama yake ni kwamba kadiri unavyokwenda kaskazini au kusini nchi zinavutwa na kunenepa, na njia fupi hasa inaonekana imepinda kama upinde. Dawa ya ubishi huu ni uzi. Chukua ile dunia ya plastiki ya mezani, bana uzi hapa kwetu, uvute mpaka California, ukaze. Uzi wenyewe utakuonyesha Uhispania na Kanada. Watoto wa jirani wanayo moja, tuliiazima. Mzee aliukaza uzi mwenyewe, akaurudia, akasema, "Kumbe."

Waliosoma hapa nchini hili walifundishwa kidato cha tatu kwenye hisabati, mada ya dunia kama tufe, na wengi wetu tuliikimbia. Duara kuu, ndiyo hiyo "great circle" ya jina la tovuti, ni lile ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia yenyewe. Ikweta ni mojawapo, na mistari yote ya longitudo ni nusu ya duara kuu. Njia fupi kati ya viwanja viwili ni kipande cha duara kama hilo. Ukijua pembe kati ya viwanja hivyo kutoka kitovuni, zidisha kila digrii kwa maili 60 za baharini. Maili moja ya baharini ni kilomita 1.852, kwa hiyo digrii moja ni kama kilomita 111. Kutoka kwetu hadi Amsterdam pembe ni digrii 62 na kidogo, zidisha uone. Mwalimu wangu angeanza na uzi badala ya kuanza na kosaini, pengine ningepata alama nzuri.

Mzee alikuwa na swali moja zaidi, na lilikuwa zuri: hizo kilomita zinapimwa chini au kule juu ndege inakopita? Zinapimwa usawa wa chini. Lakini ndege kwenda juu kilomita 11 si kitu mbele ya dunia yenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371. Kwa safari ya Amsterdam inaongeza kama kilomita 12 tu. Vilevile ukiona tovuti mbili zinatofautiana kwa kilomita ishirini kwenye safari hiyo, usianze ugomvi. Moja inaihesabu dunia kama mpira kamili, nyingine inakumbuka kwamba imebonyea kidogo kwenye ncha: kutoka kitovuni hadi ikweta ni kilomita 6,378, hadi ncha ni 6,357.

Los Angeles ni mfano unaoipendeza tovuti. Sydney ni mfano unaoonyesha pa kuwa makini. JRO-SYD kwa mstari ni karibu kilomita 12,000, yaani pungufu sana kuliko Los Angeles. Mgeni wa Australia akiona namba hiyo anafurahi. Lakini hakuna ndege ya kutoka kwetu inayokatiza Bahari ya Hindi kwenda kwao. Akipitia Doha, anapanda kilomita 12,375 hivi hadi Qatar, halafu anateremka nyingine 3,550 hadi KIA. Jumla ni kama 15,900. Amerushwa karibu kilomita 4,000 za ziada, na mwishoni amesafiri sawasawa na yule wa California.

Ndiyo maana siku hizi siandiki kamwe uwanja wa mwanzo na wa mwisho peke yake. Naandika vipande vyote vilivyo kwenye tiketi, na tovuti inapokea msururu wowote: SYD-DOH-JRO, SEA-AMS-JRO, chochote. Mstari wa moja kwa moja kati ya viwanja viwili vya mbali ni jambo la kupendeza kulijua, ila mara nyingi hakuna abiria anayeupita. Safari ya ratiba iliyo ndefu kuliko zote duniani bila kutua njiani, ile ya Singapore Airlines kati ya Singapore na uwanja wa JFK wa New York, ni kama kilomita 15,350. JRO hadi LAX imeipita. Kwa hiyo ile 15,780 ya kwenye ramani ni hesabu tu.

Na hapa ndipo ninapogombana na zile tovuti nyingine, ambazo sitazitaja. Unaandika Los Angeles na Kilimanjaro, inakurudishia kwa kujiamini: muda wa safari, masaa kumi na saba na dakika kadhaa. Imechukua kilomita, ikagawanya kwa mwendo wa ndege, ikaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Haijauliza kama ndege hiyo ipo. Mgeni anaisoma, anapanga likizo yake kwa namba hiyo, halafu ananiandikia kwa mshangao kwamba tiketi yake inasema masaa ishirini na sita, je, amepunjwa? Hajapunjwa. Amesubiri Amsterdam, kama watu wote.

Great Circle Mapper nayo ukiipa mwendo itakukadiria muda, ila mwendo unautaja wewe mwenyewe, na kwa hiyo unajua kwamba hilo ni kadirio lako. Tofauti hiyo kwangu ni kubwa. Mimi natumia kanuni ya ofisini: kwa ndege kubwa gawanya kilomita kwa 850, ongeza nusu saa. Amsterdam inatoka masaa manane na nusu, na hapo huwa hakuna aibu. Kwa ndege ya mapanga usithubutu. Zanzibar ni kilomita 390 kutoka KIA. Ukigawanya kwa mwendo wa ndege kubwa utapata kitu kama dakika ishirini na nane, na mgeni atakushangaa. ATR, ndege ya mapanga ya njia hiyo, inakwenda kama kilomita 500 kwa saa, kwa hiyo mwambie saa moja hivi.

Mambo mengine mawili mstari hauyaoni.

Upepo. Kwenye latitudo za kati, kule Ulaya na Marekani, juu sana kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. New York na London zimetengana kilomita zilezile 5,540 ukienda na ukirudi, lakini kwenda London huchukua masaa sita na nusu hadi saba, na kurudi New York huzidi saa nzima juu ya hapo. Kipande cha Amsterdam hadi kwetu kinakwenda kaskazini-kusini, hivyo upepo huo hausumbui sana. Kipande cha Los Angeles hadi Amsterdam unakisaidia. Wageni wa California huwa wananiambia kurudi kulikuwa kurefu zaidi. Wanadhani ni uchovu wa mlima.

Pili ni anga lililofungwa. Mstari wa JRO-AMS unapita juu ya Sudan na Libya. Tangu vita vilipoanza Khartoum Aprili 2023 anga la Sudan lilifungwa kwa ndege za abiria, na Libya mashirika ya Ulaya yalishakuwa yanaikwepa kabla ya hapo. Ndege zinapinda kwa upande wa Bahari ya Shamu, na masaa yanaongezeka. Ramani ya duara kuu haijui vita. Ukitaka njia ambayo ndege imepita kweli jana na juzi, fungua Flightradar24, tafuta namba ya safari, tazama ule mkunjo na muda uliotumika. Mimi nazitumia zote mbili pamoja: moja inaniambia njia ingekuwaje, nyingine inaniambia ilikuwaje.

Kilomita zimekwisha, sasa saa. Hapa hakuna tovuti itakayokusaidia, na ndipo ofisi za Moshi na Arusha huumia.

Muda ulio kwenye tiketi ni wa mahali husika: wa kuondoka ni wa huko, wa kufika ni wa hapa. Sisi tuko masaa matatu mbele ya saa ya dunia na hatubadilishi mwaka mzima. Wenzetu wanabadilisha. Amsterdam iko nyuma yetu kwa saa moja majira yao ya joto na masaa mawili majira ya baridi. Los Angeles iko nyuma kwa kumi au kumi na moja. Sydney iko mbele kwa saba au nane. Tena hawabadilishi siku moja: Marekani husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho ya Machi. Katikati hapo kuna wiki mbili tatu ambazo tofauti ya New York na Amsterdam, ambayo watu wamezoea ni masaa sita, inakuwa matano. Kama unajaribu kukokotoa kwa kutoa na kujumlisha masaa kutoka mji wa mgeni, wiki hizo zitakuumbua. Acha kukokotoa. Soma namba ya kufika iliyo kwenye tiketi.

Halafu uitafsiri kwa saa yetu, na hili nalisema kwa msisitizo maana nimeliona likiumiza. 20:05 ni saa 2 na dakika 5 usiku, hiyo haina matata. Matata yako kwenye ndege za baada ya katikati ya usiku. Tiketi inasema 00:40, tarehe 14. Kwa Mzungu tarehe 14 imeshaanza dakika arobaini zilizopita. Kwa dereva wa Kitanzania hiyo ni saa 6 na dakika 40 usiku, na usiku huo ni wa tarehe 13, kwa sababu siku mpya itaanza kukipambazuka. Ukimwandikia "tarehe 14, saa 6:40 usiku" atalala vizuri tarehe 13 na atakwenda KIA tarehe 14 usiku, ameoga, amepiga pasi, amebeba kibao chenye jina la mtu aliyekwisha kutua jana. Naijua ofisi iliyopata mkasa huo. Mgeni alikaa nje na mabegi yake mpaka akachoka, akachukua teksi, na barua aliyoiandika baadaye haikuwa nzuri. Kwenye ubao wetu tunaandika hivi: "usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano tarehe 14." Ni maneno mengi, ubao unajaa, lakini hakuna anayelala.

Nirudi kwa yule mgeni na swali lake la kuanza kupanda kesho yake, maana kilomita zina faida nyingine ambayo sikuitegemea. Ukiwa na ramani mbele yako unaona nani amesafiri kwenda chini na nani amesafiri kwenda pembeni. Wa Amsterdam amekuja kilomita 6,900, lakini saa yake ya mwilini imesogea kwa moja au mbili tu. Amechoka kwa kukaa, basi. Akilala vizuri, akinywa mtori asubuhi, ana nguvu. Wa Los Angeles na wa Sydney mwili wao haujui kama ni mchana au usiku. Yule wa California akiamshwa saa 12 asubuhi, kwao ni jioni ya jana. Nimewaona wageni wa namna hiyo wakifika lango la Machame, karibu mita 1,800, macho mekundu, na jioni yake wanatakiwa wawe kambini karibu mita 3,000. Hawali. Kiongozi anashindwa kujua kama kutokula huko ni mwinuko au ni usingizi, na mlimani hayo mawili unataka uyatenganishe mapema. Kwa hiyo wa Ulaya nawapa usiku mmoja, wa mbali nawashawishi wakae mbili. Baadhi hudhani natafuta hela ya hoteli. Nikiwatumia picha ya mstari wao kutoka kwenye tovuti, na tofauti ya masaa nimeiandika kando, wengi hulegea.

Kuna kitu kingine nakitumia kwa starehe tu. Unaweza kuiambia tovuti ikuchoree duara la umbali fulani kuzunguka uwanja, ukaona nani yuko ndani na nani yuko nje. Kilomita 1,400 kutoka KIA inafika Addis Ababa, ambayo iko kama 1,390. Vijana ofisini hucheza nalo wakati wa mvua za masika wageni wakipungua. Mmoja wao sasa ananiambia bila kuangalia popote kwamba Doha ni mbali zaidi ya mara mbili ya Addis, na yuko sahihi.

Nani asiitumie? Anayetafuta ndege. Haikuonyeshi ratiba, haikuambii bei, haijui shirika gani linatua KIA na lipi limesitisha. Ukiandika viwanja viwili ambavyo hakuna ndege kati yake, itakuchorea mstari mzuri tu na kukuacha na matumaini yako. Pia asiyependa kuandika herufi: ingawa unaweza kutafuta uwanja kwa jina la mji, kazi inakwenda haraka ukiwa na herufi zako kichwani. Mimi nimezibandika kwenye kioo cha kompyuta, JRO juu kabisa.

Ni bure, haitaki ujisajili, na maelezo yake ni ya Kiingereza. Kwa kazi yangu inatosha. Kipande ambacho lazima nikikokotoe mwenyewe ni cha mwisho. QSI-JRO, yaani Moshi hadi KIA, inaniambia kilomita 29. Barabara ni kama 40, kuna matuta, kuna vibao vya hamsini, kuna Bomang'ombe siku ya soko. Ndege ikitua saa 2 usiku, mgeni bado ana foleni ya viza na mabegi kabla ya kutoka nje, kwa hiyo mzee angeweza kuondoka Moshi saa 1 na robo akawahi bila wasiwasi. Anaondoka saa 12 na nusu. Anasema pale nje kuna mama anauza chai nzuri.